Kosa la Kifaa Lisihukumiwe kuwa Kosa la Mtoto

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali wa Bugarama, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera.)



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni wazi: mtu mvivu hutafuta visingizio katika zana. Watu wa Bugarama, ambao huishi kwa jembe katika mashamba ya migomba, maharage na kahawa, hawahitaji kufundishwa methali hiyo. Lakini watu hao hao wanajua jambo la pili ambalo methali haikulitaja. Jembe lililolegea mpini halilimi vema hata likishikwa na mkulima hodari. Mkulima mwenye busara hasemi kwamba mikono yake imeharibika. Huketi chini, hukaza mpini, kisha huendelea na kazi.

Mazungumzo ya leo yahusu mpini wa aina mpya. Yahusu kalamu ya kuchorea katika kompyuta, kibao chake, na programu zinazopokea kazi ya kalamu hiyo. Neno moja ndilo linalokusudiwa: kabla ya kumwambia mtoto kwamba hajui kuchora, ni wajibu wa mwalimu kuhakikisha kwamba mashine imeusikia mkono wake.

Yafaa kwanza ieleweke kifaa chenyewe ni nini. Kibao cha kuchorea ni ubao mdogo bapa unaounganishwa na kompyuta. Mchoraji hushika kalamu maalumu isiyo na wino, huipitisha juu ya kibao, na mstari hutokea katika skrini. Vipo vibao vya bei nafuu visivyo na skrini yake, na vipo vya bei kubwa ambavyo mchoraji huchora juu ya skrini yenyewe. Tofauti kati ya kalamu hii na kipanya cha kompyuta ni kubwa. Kipanya hutoa taarifa mbili tu: kinaelekea wapi, na kitufe chake kimebonyezwa au la. Kalamu huongeza taarifa ya tatu, nayo ni mgandamizo wa mkono. Kalamu zilizo bora zaidi huongeza ya nne, yaani mwinamo.

Mwalimu aandikaye kwa chaki anaijua tofauti hiyo bila kuambiwa. Akiikandamiza chaki, mstari huwa mnene na mweupe. Akiilegeza, huwa mwembamba na hafifu. Akiilaza ubavu, hupaka eneo zima. Mkono wake hufanya hayo bila kufikiri. Kalamu ya kompyuta inayoshindwa kutofautisha mkono mzito na mkono mwepesi ni sawa na chaki inayotoa mstari wa namna moja tu, hata mwandishi afanyeje.

Hapana shaka yupo atakayeuliza: zipo shule zenye upungufu wa madawati na vitabu, je, ni haki kuzungumzia vibao vya kompyuta? Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa kabla ya kuendelea.

Jibu la kwanza ni kwamba hakuna anayependekeza penseli na karatasi ziwekwe kando. Mtoto ajifunze kuchora kwa penseli, kwa mkaa, na hata kwa kijiti juu ya udongo. Kibao hakimfundishi mtu kuona. Jibu la pili ni kwamba kazi ya kuchora kwa kuajiriwa imekwisha kuhamia kwa kiasi kikubwa katika kompyuta. Picha za vitabu vya watoto, michoro ya matangazo na filamu za katuni hupitia humo. Vipindi vya Ubongo Kids, vinavyowafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni, vimetengenezwa Dar es Salaam na vilianza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa mwaka 2014. Hiyo ni kazi iliyofanywa hapa nchini, na mtoto wa Ngara anayo haki ya kuiandaa mikono yake kwa kazi kama hiyo.

Jibu la tatu linawahusu watumishi wenyewe. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeyapa masomo ya sanaa na michezo nafasi yake katika shule ya msingi. Vifaa vitafuata, vingine kwa kununuliwa, vingine kwa misaada. Kifaa kisichoeleweka huishia kabatini. Fedha ya umma iliyolala kabatini ni hasara ileile, iwe ya jembe au ya kompyuta.

Ndugu walimu,

Historia ya sanaa katika Afrika Mashariki yaonyesha jinsi mkono na zana vinavyopaswa kupatana. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakungoja turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alitumia mbao laini za kujengea na rangi ya mafuta iliyouzwa madukani, rangi ambayo watu walipaka baiskeli na nyumba zao. Rangi hiyo humeremeta na hukauka ikiwa bapa. Tingatinga aliichunguza tabia yake akatengeneza mtindo unaoendana nayo: maumbo yaliyo wazi, mistari isiyo na wasiwasi, rangi zilizokolea. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, lakini mtindo huo ungali hai na una jina lake.

Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa mashariki ya Rwanda, si mbali na Ngara, wanawake hufanya sanaa iitwayo imigongo. Huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, hutengeneza kwa vidole matuta membamba juu ya ubao, kisha huyapaka rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Uzuri wa kazi hiyo umo katika mgandamizo wa kidole. Tuta likibanwa mno huvunjika, likilegezwa mno husambaa. Hakuna mama wa imigongo ambaye angekubali kifaa kinachofanya kila tuta liwe na unene mmoja.

Sanaa hizo nazo zimekwisha kukutana na kompyuta. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuonyeshwa katuni ziitwazo Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa wachoraji wa Dar es Salaam. Wanyama waliozaliwa kwa rangi ya baiskeli wakawa wanatembea na kusema katika televisheni. Jambo hilo lathibitisha kwamba mashine yaweza kuubeba mkono wa Kiafrika. Lakini haiubebi yenyewe. Ni lazima mtu aifundishe.

Sasa tatizo liko wapi? Ili mstari mmoja utokee katika skrini, habari hupita katika mikono minne. Kalamu hukiarifu kibao. Kibao hukiarifu kiendeshi, yaani programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Kiendeshi huuarifu mfumo endeshi wa kompyuta. Mfumo endeshi huiarifu programu ya kuchorea. Ni kama barua itokayo kijijini hadi wizarani kwa kupitia kata, wilaya na mkoa. Ofisi moja ikikosea kunakili, barua hufika ikiwa na maneno mengine, na wizara humlaumu aliyeandika. Makosa manne ndiyo yanayotokea mara nyingi, na yafaa yaelezwe moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza ni kupotea kwa mgandamizo. Mtoto hukandamiza kalamu na kuilegeza, lakini mstari hubaki na unene mmoja. Katika kompyuta zitumiazo Windows, sababu moja ya kawaida ni kwamba zipo njia mbili za kupeleka habari za kalamu. Njia kongwe huitwa Wintab, nayo ilianzishwa mapema katika miaka ya 1990. Njia mpya huitwa Windows Ink. Kiendeshi kikisema kwa njia moja na programu ikasikiliza kwa njia nyingine, mahali pa kalamu huenda pakajulikana, lakini mgandamizo hupotea. Hakuna kilichoharibika. Wawili hao hawasemi lugha moja tu, na dawa ni kuchagua njia moja katika mipangilio ya pande zote mbili. Katika matoleo ya zamani ya programu iitwayo GIMP, kibao kilihesabiwa kuwa kipanya mpaka mtumiaji akiwashe mwenyewe katika orodha ya vifaa. Watu wengi hawakulijua hilo, wakadhani wamenunua kifaa kibovu.

Kosa la pili ni la uwiano, na walimu wa hisabati wataliona mara moja. Chukua kibao chenye upana wa sentimita 16 na kimo cha sentimita 10, kilichounganishwa na skrini yenye upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 18. Kwa upana, kila sentimita ya kibao huwa sentimita 2 za skrini. Kwa kimo, huwa sentimita 1.8. Mtoto akichora duara safi lenye kipenyo cha sentimita 5, skrini itaonyesha umbo lenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 9. Mtoto amechora duara, mashine imechora yai. Dawa ni kukiagiza kiendeshi kitumie sentimita 9 tu za kimo cha kibao, ili pande zote ziongezeke mara mbili sawasawa. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Isipofanywa, mtoto atatumia mwaka mzima akiusahihisha mkono usio na kosa.

Kosa la tatu ni la kupunguza hesabu. Vibao vingi hutoa taarifa ya mahali pa kalamu zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na vingine zaidi ya mara 200. Skrini ya kawaida hubadilisha picha yake mara 60 kwa sekunde. Programu iliyotengenezwa bila uangalifu hupokea taarifa moja tu kwa kila picha na kuzitupa nyingine. Mtoto akichora duara kwa nusu sekunde, kibao chenye taarifa 200 kitakuwa kimetoa nukta 100. Programu hiyo itachukua 30, kisha itaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Duara litakuwa na kona, na kadiri mkono unavyokwenda kwa kasi ndivyo kona zinavyozidi. Ni dhahiri kwamba anayeumia zaidi ni mwenye mkono mwepesi, yaani yuleyule mwenye kipaji.

Kosa la nne ni la mizani ya mgandamizo. Maboksi ya vibao hujivunia namba kubwa: ngazi 2,048 za mgandamizo, ngazi 8,192, na sasa hata zaidi. Namba hizo si uongo, lakini hazitoshi. Mizani ikiwekwa kwa mkono wa mtu mzima mwenye nguvu, mtoto wa miaka 11 hatazifikia ngazi za juu hata akikandamiza mpaka vidole viume. Mistari yake yote itakuwa hafifu, na atahesabiwa kuwa mwoga. Programu nzuri humruhusu kila mtumiaji aweke mizani yake. Vivyo hivyo kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Kibao huweza kugeuzwa nusu duara na kiendeshi kikaambiwa, ili vitufe visikae chini ya kiganja chake.

Yako pia mambo madogo ambayo mafundi wa mijini huyasahau. Kwa mfano, chaja ya kompyuta iliyounganishwa na umeme usio na waya wa ardhi huweza kuleta mtetemo katika vibao vya aina fulani, na mstari ukatikisika kana kwamba mchoraji ana homa. Njia ya kulijua hilo ni kuchomoa chaja na kuchora kwa nguvu ya betri. Mstari ukitulia, mwenye kosa amepatikana, na si mtoto.

Ndugu Mwenyekiti,

Makosa haya hayakutoka mbinguni, na kupungua kwake hakukutoka mbinguni. Kibao cha kwanza kilichojulikana sana kilitolewa na taasisi ya RAND ya Marekani mwaka 1964, kwa bei ya dola 18,000. Wakati ule kilikuwa kifaa cha maabara chache tu. Mwaka 1983 ilianzishwa Japani kampuni ya Wacom, ambayo ilieneza kalamu isiyo na waya wala betri. Kibao hutoa mawimbi ya sumaku na umeme, koili ndogo iliyomo ndani ya kalamu huyapokea na kuyarudisha, na kwa kuyapima kibao hujua kalamu iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Baadaye viwanda vingine viliingia, na bei zikashuka. Lakini vifaa vilipokuwa vingi, lugha zake nazo zikawa nyingi, na programu za kuchorea zikashindwa kuzielewa zote.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Mojawapo huitwa Krita, na walimu watafurahi kujua kwamba neno hilo kwa Kiswidi maana yake ni chaki. Hutolewa bure, tena kwa kufuata sheria. Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1999 kwa jina jingine, ikasuasua kwa miaka kadhaa. Mwaka 2003 Mholanzi mmoja, Boudewijn Rempt, alijiunga nayo. Alikuwa na kibao cha kuchorea na alitaka kuchora ramani ya nchi ya kubuni, lakini hakuona programu huria iliyomtosheleza. Badala ya kununi'inika, alianza kusaidia kuitengeneza. Mwaka 2005 Krita ilitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2017, katika toleo la 3.3, iliongezewa uwezo wa kusikiliza kwa njia ya Windows Ink, na mtumiaji akapewa uhuru wa kuchagua kati ya njia hiyo na Wintab. Mwaka 2020 ilianza kupatikana kwa majaribio katika vifaa vya Android vyenye skrini kubwa.

Mfano wa pili ni mradi uitwao DIGImend, uliosimamiwa na Nikolai Kondrashov. Viwanda vingi vya vibao vya bei nafuu havikutengeneza viendeshi kwa ajili ya mfumo huria wa Linux. Mradi huo uliwaomba wenye vibao wapeleke maelezo ya jinsi vifaa vyao vinavyotoa taarifa. Kutokana na maelezo hayo viendeshi viliandikwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikaingizwa katika Linux yenyewe. Kupeleka maelezo hayo hakukumlazimu mtu awe mhandisi. Ilitosha mwenye kibao aamue kueleza kwa usahihi.

Isidhaniwe kwamba mambo hayo ni ya watu wa mbali tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Watanzania walikaa chini, wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kila kitufe, wakayaingiza katika programu iliyotengenezwa ng'ambo. Kujitegemea katika jambo hili hakumaanishi kutengeneza kila kitu kuanzia mwanzo. Kunamaanisha kutokubali kuwa mnunuzi tu, anayepokea alichopewa na kunyamaza kinapomuumiza.

Basi, ni nini wajibu wa watu waliokusanyika hapa?

Wajibu wa kwanza ni wa mwalimu, nao ni kupima kabla ya kuhukumu. Krita ina dirisha la kujaribia kibao, lililomo katika mipangilio yake. Mwalimu huchora humo na kusoma namba za mgandamizo. Namba zikipanda na kushuka kadiri mkono unavyokandamiza na kulegeza, basi habari inafika, na tatizo limo katika brashi iliyochaguliwa, kwa maana si kila brashi hutumia mgandamizo. Namba zisipobadilika, tatizo liko katika kiendeshi au katika njia ya kupelekea habari. Kisha achore duara polepole na duara kwa haraka. Kisha aweke mizani kwa mkono wa mtoto, si kwa mkono wake mwenyewe. Shule ikiwa na kibao kimoja na watoto 40, haitawezekana kumwekea kila mtoto mizani yake, lakini yafaa iwekwe ya wastani, na yule anayeonekana kutaabika aangaliwe peke yake.

Wajibu wa pili ni wa mtumishi anayeshika kalamu ya manunuzi. Asisome namba za boksi tu. Kabla fedha ya umma haijalipwa, kamati ya ukaguzi na mapokezi ikione kibao kikifanya kazi pamoja na programu ambayo shule itaitumia, katika kompyuta ya aina ileile iliyopo shuleni. Kiendeshi kihifadhiwe katika flashi, kwa sababu mtandao wa intaneti haupatikani kila mahali wala kila siku. Ncha za akiba za kalamu ziulizwe, kwa kuwa ncha huchakaa kama chaki inavyochakaa, na kalamu isiyo na ncha ni kijiti. Nyaya nazo zihesabiwe. Mambo haya ni madogo katika karatasi, lakini ndiyo yanayotenganisha kifaa cha darasani na kifaa cha kabatini.

Wajibu wa tatu ni wa wote wawili, nao ni kutoa taarifa. Watengenezaji wa programu hawaijui Bugarama. Hawajui umeme wa hapa, hawajui kompyuta zilizotumika kwa miaka kumi kabla ya kufika hapa, hawajui mtoto anayeshika kalamu hiyo kwa mara ya kwanza baada ya kutoka kisimani. Hawatajua mpaka waambiwe. Na namna ya kuambia ina ufundi wake. Mgonjwa akimwambia mganga wa zahanati kwamba anaumwa, kisha akanyamaza, atapewa dawa ya kutuliza maumivu. Akisema anaumwa wapi, tangu lini, na maumivu huzidi saa ngapi, ataweza kutibiwa. Vivyo hivyo taarifa ya kasoro. Iseme jina na namba ya kibao, ambayo kwa kawaida huandikwa nyuma yake. Iseme toleo la mfumo endeshi na toleo la programu. Iseme mchoraji alifanya nini, alitarajia nini, na nini kilitokea. Iseme kama kasoro hutokea kila mara au mara chache. Taarifa kama hiyo, hata ikiwa ya sentensi kumi, ina thamani kuliko malalamiko ya kurasa tatu.

Zipo taarifa nyingi ambazo hulazimika kuandikwa kwa Kiingereza. Hilo lisiwe kikwazo. Mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa sanaa wanaweza kukaa pamoja jioni moja wakaikamilisha, na wanafunzi wakubwa wakashiriki. Mtoto atakayeona kwamba neno lake limesomwa na fundi wa nchi ya mbali, na kwamba toleo lililofuata limesahihisha kosa alilolieleza, atakuwa amejifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba mashine zimetengenezwa na watu, na watu huweza kuambiwa.

Ndugu walimu na watumishi,

Hatari kubwa ya kifaa kisichosikia si kupotea kwa fedha, ingawa fedha ni muhimu. Mtoto hajui kwamba uwiano wa kibao umekosewa. Hajui kwamba nukta 70 kati ya 100 zimetupwa. Anachokiona ni duara lenye kona, na jina lake chini ya duara hilo. Mtu mzima huweza kuilaumu mashine. Mtoto hujilaumu mwenyewe. Atasema, "Mwalimu, mimi sijui kuchora," na mwalimu asiyejua makosa haya manne atamwamini. Hivyo ndivyo kipaji kinavyozikwa, bila kelele na bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Mama wa imigongo huujua udongo wake kabla ya kuanza tuta la kwanza. Tingatinga aliijua rangi yake ya dukani. Mkulima wa Bugarama huupima mpini kwa kuutikisa kabla hajatoka nyumbani. Mwalimu wa leo naye akiutikisa mpini wa kalamu hii mpya kabla hajamkabidhi mtoto, atakuwa ametenda haki. Mtoto akishindwa baada ya hapo, kushindwa huko kutakuwa kwake mwenyewe, na mwalimu ataweza kukufundishia. Akifaulu, duara litakuwa lake pia.